Maelezo ya Zana kwa Mawakala wa Akili Mnemba: Mfano wa Mawasiliano ya Kazini katika Slack

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza jinsi maelezo ya zana yanavyopaswa kuandikwa ili wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea maagizo kwa lugha ya kawaida na kuyatekeleza, aweze kutumia ipasavyo mifumo ya kupelekeana ujumbe kazini. Mfumo unaochukuliwa kuwa mfano ni Slack, uliofunguliwa kwa umma mwaka 2014. Hoja kuu ni kwamba maelezo ya zana ni aina ya fasili. Kwa hiyo kanuni za fasili zinazofuatwa na watunga kamusi zinayahusu pia.

2.0 Muundo wa Zana

Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya MCP, ambayo ni utaratibu wa kuunganisha modeli za lugha na programu nyingine. Miongoni mwa seva za mfano zilizotolewa ilikuwamo ya Slack. Katika itifaki hiyo zana huwasilishwa kwa modeli kwa sehemu tatu: jina, maelezo, na vigezo, yaani taarifa ambazo wakala huzijaza kabla ya zana kufanya kazi. Modeli haioni msimbo wa zana. Kama vile mgeni wa neno asivyo na tegemeo ila fasili iliyomo katika kamusi, ndivyo wakala naye alivyo mbele ya zana.

3.0 Vyanzo vya Utata

3.1 Zana zinazokaribiana kimaana

Seva hiyo ilikuwa na zana slack_post_message, inayoweka ujumbe mpya katika chaneli, na slack_reply_to_thread, inayojibu ndani ya mfuatano wa ujumbe uliokwisha kutumwa. Maelezo yakisema tu "Hutuma ujumbe", yatakuwa yametaja jinsi bila kutaja sifa bainifu. Yataifaa kila moja na kutoitenga yoyote. Maelezo bora ya zana ya kwanza ni haya: "Huweka ujumbe mpya katika chaneli, ambao wanachama wake wote huweza kuuona. Isitumiwe kujibu ujumbe uliopo. Kwa kazi hiyo itumiwe slack_reply_to_thread." Hapa zana imefasiliwa kwa kile inachofanya na kwa kile isichofanya.

3.2 Kauli ya kutendea

Kwa watumiaji wa Kiswahili lipo tatizo la ziada. Agizo "Mwandikie meneja kuhusu mishahara" lina maana mbili: kumpelekea meneja ujumbe, au kuandika kwa niaba yake. Wafanyakazi wanaofahamiana huondoa utata huo kwa muktadha. Wakala huenda asiwe na muktadha wowote. Kwa maana ya kwanza msomaji ni mmoja. Kwa ya pili wanaweza kuwa idara nzima. Ujumbe huweza kufutwa, lakini kilichokwisha kusomwa hakifutiki. Kwa hiyo maelezo hayana budi kusema ujumbe hutoka kwa jina la nani na huwafikia kina nani, na kumwagiza wakala aulize kwanza pale agizo linapobeba maana zaidi ya moja.

3.3 Vigezo

Kigezo kiitwacho "mtumiaji" hakielezi kama kinachotakiwa ni jina, anwani ya barua pepe au kitambulisho. Katika Slack kitambulisho cha mtu kwa kawaida huanza na herufi U, na cha chaneli na herufi C. Jina user_id, likifuatwa na mfano, huondoa shaka.

Vivyo hivyo, ujumbe hutambulishwa kwa mhuri wa wakati wenye tarakimu kumi, nukta, kisha tarakimu sita, mathalani 1234567890.123456. Katika viungo vya ujumbe nukta hiyo huachwa. Maelezo ya seva iliyotajwa yalieleza kwamba nukta irudishwe ili tarakimu sita ziifuate. Sentensi moja ya namna hiyo huzuia kosa ambalo wakala asingeweza kuligundua kwa kubahatisha.

4.0 Ufupi na Upimaji

Haifai, hata hivyo, kurefusha maelezo bila kiasi, kwa kuwa nayo huchukua sehemu ya nafasi ambayo modeli inayo kwa kusoma mazungumzo. Kinachostahili kubaki ni kile kinachobadilisha uamuzi wa wakala. Njia ya kukijua ni kumpa wakala maagizo halisi ya kazini, kuchunguza ni zana ipi aliyoichagua na vigezo alivyovijaza, kisha kurekebisha maneno yaliyompoteza.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba makosa mengi ya wakala huweza kuzuiwa kwa fasili zinazotenga, zinazotaja mipaka na zinazotoa mfano. Kazi hiyo si ya wahandisi peke yao. Mtaalamu wa leksikografia na semantiki ana mchango wa moja kwa moja, hasa pale maagizo yanapotolewa kwa Kiswahili, ambapo kiambishi kimoja cha kitenzi huweza kubadili anayeandikiwa ujumbe.