Penseli Moja ya Kwamndolwa

Nilikwenda Kwamndolwa, kata mojawapo ya Mji wa Korogwe, kuchukua mlango wa shangazi yangu. Haukuwa tayari. Nikapewa kigoda nikae chini ya bati, miguu ikiwa ndani ya maranda. Nilipokuwa nasubiri, ndipo nilipoiona penseli.

Karakana ile ina vijana watatu na mzee mmoja. Vijana wanashika kila chombo: mmoja anapiga randa, wa pili anachimba tundu kwa patasi, wa tatu ananoa msumeno kwa tupa. Hakuna anayewasimamia kichwani. Lakini penseli ni moja tu, nayo hukaa sikioni mwa mzee. Imechongwa kwa kisu mara nyingi mpaka imebaki urefu wa kidole gumba. Kijana akitaka kukata ubao, huusogeza mbele ya mzee na kusimama kando. Mzee huupindua, huutazama kwa jicho moja kuona kama umepinda, huweka pembe mraba, huchora mstari, kisha penseli hurudi sikioni. Hapo ndipo msumeno unapoanza kulia. Nilihesabu mistari tisa kabla sijauliza.

"Shikamoo mzee. Mbona penseli ni moja?"

"Marahaba, mwanangu. Msumeno haukosei, unafuata mstari. Ubao ukiharibika, mwenye mlango ananidai mimi niliyechora, hamdai aliyekata."

Nikamwonyesha kijana mkubwa, aliyekuwa akiingiza ulimi wa ubao kwenye tundu lake, ukaingia barabara bila hata kabari. Nikamwambia huyu naye ni fundi kamili.

"Kazi anaijua," mzee akasema. "Mlango anautoa peke yake, na watu wanausifu. Lakini fundi bado."

"Mpaka lini?"

"Mpaka amchoree mwenzake, mwenzake akate, na mbao zikutane. Anayejua peke yake ni mjuzi. Fundi ni yule aliyefunda mtu. Mimi aliyenifunda alinipa penseli siku aliponiletea mtoto asiyejua hata kushika nyundo. Nililia, mwanangu. Niliona ananitwisha mzigo, kumbe ananipa cheo."

Neno lile likanisumbua njia nzima. Sote tunajua kufunda, kufundisha, mfunzi na mwanafunzi, na tunajua mwali hufundwa na kungwi. Lakini fundi tumemtoa katika ukoo huo. Kwetu leo fundi ni mtu wa kuitwa kitu kikiharibika: fundi bomba, fundi simu, fundi cherehani. Tunamuuliza bei na siku ya kumaliza, basi.

Nikafungua vitabu. Edward Steere, mmisionari wa Zanzibar ambaye baadaye alikuwa askofu, katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, alimweleza fundi kuwa mtenda kazi hodari na tena mwalimu wa kazi ya mikono. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 nayo ilimtaja kuwa mwenye ujuzi kiasi cha kuweza kuwafundisha wengine. Yaani wageni waliotuandikia kamusi walisikia kwa babu zetu maneno yale yale niliyoyasikia karakanani.

Neno hilo limeingia hata katika Kiingereza. Huku kwetu Afrika Mashariki, anayezungumza Kiingereza husema fundi bila kutafsiri. Afrika Kusini nako, fundi katika Kiingereza chao ni mtu aliyebobea, nalo wamelitoa kwa ndugu wa lugha yetu: umfundisi, mwalimu. Na Marekani kulikuwa na mama aliyeitwa Fundi. Ni Ella Baker, aliyewaita wanafunzi weusi mkutanoni katika Chuo Kikuu cha Shaw mwaka 1960, mkutano uliozaa chama chao cha kupigania haki, SNCC. Hakutaka kuwa kiongozi wao. Alitaka wajifunze kujiongoza. Filamu ya maisha yake iliyotoka mwaka 1981 ilibeba jina hilo la Kiswahili, kwa maana ya mtu anayerithisha ujuzi kwa wanaomfuata. Mzee wa Kwamndolwa hakuwa amemsikia mama huyo. Nilipomrudia siku nyingine na kumsimulia, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi naye alikuwa na penseli."

Huku kwetu, serikalini ngazi zinajulikana: mhandisi, fundi sanifu, fundi mchundo. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ili aliyejifunzia mtaani apimwe na kupata cheti. Ni jambo jema, na mzee hana ugomvi nalo.

"Waje wanipime," alisema. "Wataniuliza kufunga kitasa, kuunga fremu, kupima pembe. Nitajibu. Ila je, wataniuliza nimewafunda wangapi?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilimfikiria saidia fundi wa kwenye majengo, anayebeba zege na matofali mwaka baada ya mwaka bila mtu kumkabidhi mwiko. Huyo anamsaidia nani, kama wa kumfunda hayupo? Na aliyemficha kazi ili abaki peke yake sokoni, tumwite nani?

Mlango wa shangazi ulikuwa umekamilika jioni ya siku ile ya kwanza. Unafunga bila kukwaruza sakafu. Mzee alipokea pesa yake, akamgeukia kijana mkubwa, akamwambia kesho aje mapema kuliko wenzake. Hakusema kwa nini.

Msomaji, ukimpeleka mwanao kujifunza kazi, usiulize tu atalipwa lini. Uliza atapewa penseli lini. Na kama wewe ni fundi, itoe sikioni kabla mkono haujaanza kutetemeka.