Mjerumani siku ya bao, mhamiaji siku ya kipigo

LUKAS Podolski na Miroslav Klose walizaliwa Poland. Mesut Özil alizaliwa Gelsenkirchen, Ujerumani. Wote watatu walibeba Kombe la Dunia 2014 kule Brazil wakiwa na jezi ya Ujerumani. Sasa swali la kijiweni: nani kati yao aliitwa Mjerumani nusu?

Ni huyo aliyezaliwa palepale. Özil, mjukuu wa wahamiaji kutoka Uturuki, alibandikwa kistari: 'Mjerumani-Mturuki'. Alihoji mwenyewe, mbona Podolski na Klose hawaitwi 'Mjerumani-Mpoland'?

Mei 2018 alipiga picha na Rais wa Uturuki, Recep Tayyip Erdoğan, na hapo nongwa ikaanza. Juni, mabingwa hao watetezi wakachapwa 2-0 na Korea Kusini na kuaga Kombe la Dunia hatua ya makundi. Timu nzima ilicheza hovyo, lakini zigo kubwa akatwishwa yeye. Julai 22 akaachana na timu ya taifa, akiwa na mechi 92 na mabao 23. Ujumbe wake ulichoma: tukishinda mimi Mjerumani, tukifungwa mimi mhamiaji.

Kistari chenyewe hakina kosa. Mtu ana kwa baba na ana kwa mama, na kote ni kwao. Shida ni nani anakichora, na anakichora lini.

Mcheki Yussuf Poulsen. Mama yake ni Mdenmark, baba yake alikuwa Mtanzania, akafariki jamaa akiwa na miaka sita tu. Kwenye fainali hizohizo za 2018, Juni 16, Poulsen aliifungia Denmark bao pekee dhidi ya Peru. Mgongoni jezi haikusomeka Poulsen. Ilisomeka Yurary, jina la baba yake. Hakubandikwa na mtu. Alichagua mwenyewe, na hakupunguza hata chembe ya Udenmark wake.

Na sisi huku tujiangalie. Staa mwenye asili ya Bongo akitupia Ulaya, kila mtu anapiga kelele 'damu yetu hiyo'. Akiboronga, tunamrudisha kwa Wazungu. Hapo tuna tofauti gani na waliomsusa Özil?

Ukimwita mtu ndugu siku ya bao, mwite ndugu na siku ya kipigo.