Kiporo cha Bata Mzinga: Chungu Kipi Kinalipa Zaidi?

Bata mzinga wa pauni 16 hanunuliwi kwa mlo mmoja. Watu kumi wakikaa mezani Alhamisi ya nne ya Novemba, Siku ya Shukrani hapa Marekani, wakala mpaka wakashiba, bado jikoni patabaki nyama ya kulisha nyumba siku kadhaa, pamoja na gofu zima la mifupa. Kwa hiyo anayetaka kujua kama ndege huyu ni ghali au rahisi asiangalie risiti peke yake. Aangalie kitakachopikwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini humu, ziwe zimetoka Mombasa, Bukavu, Bujumbura au Dar es Salaam, zimeupokea mlo huu na kuufanya wao. Meza ina bata mzinga, na pembeni yake kuna chapati, wali na kachumbari. Shida huanza kesho yake. Nyama inaliwa baridi na mkate mara mbili tatu, watoto wanaichoka, na Jumanne kilichobaki kinaingia kwenye pipa la taka. Chakula hicho kimelipiwa, na hakuna sababu ya kukitupa, kwa kuwa sisi tuna mapishi yanayokifaa kuliko mkate mkavu. Swali ni pishi lipi linarudisha pesa zaidi.

Nyama imekugharimu kiasi gani?

American Farm Bureau Federation, shirikisho la wakulima ambalo tangu 1986 hukusanya bei za mlo wa Shukrani wa watu 10, lilikuta bata mzinga wa pauni 16 akiuzwa kwa wastani wa dola 28.96 mwaka 2022, dola 27.35 mwaka 2023 na dola 25.67 mwaka 2024. Bei hiyo ya mwisho ni kama dola 1.60 kwa pauni.

Lakini hiyo ni bei ya ndege mbichi na mifupa yake. Ukitoa mifupa, mafuta na maji yanayomtoka akiwa kwenye oveni, nyama iliyoiva haifiki nusu ya uzito ulionunua. Pauni 16 hukupa kama pauni 7 za kula. Gawanya dola 25.67 kwa 7, upate dola 3.67 kwa pauni ya nyama iliyoiva. Namba hiyo ndiyo nitakayoitumia chini.

Namba yako inaweza kuwa tofauti kabisa. Maduka makubwa hupenda kushusha bei ya bata mzinga wa kugandishwa wiki ya Shukrani ili uingie ununue na mengine. Ukimpata kwa senti 99 kwa pauni, nyama iliyoiva inakusimamia dola 2.26. Aliyechinjwa halali, au asiyegandishwa, kwa kawaida huwa ghali zaidi na mara nyingi haingii kwenye punguzo. Ukilipa dola 3 kwa pauni, nyama iliyoiva inapanda hadi dola 6.86. Kidari cha kuku kisicho na mfupa huuzwa kama dola 4 kwa pauni, nacho kikiiva hupungua karibu robo, yaani dola 5.30 hivi kwa pauni ya kula. Kwa hiyo bata mzinga wa punguzo anamshinda kuku, na wa bei ya juu anashindwa. Aliyelipa bei ya juu ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kutotupa hata ukucha.

Soma pia maandishi yaliyo kwenye mfuko wa ndege. Wengi wa wale wa kugandishwa wamedungwa maji ya chumvi, na asilimia yake imeandikwa hapo. Unalipia maji hayo kwa bei ya nyama, na chumvi yake itakufuata hadi kwenye supu.

Tenganisha kabla ya kupika

Watu kumi wakila pauni 4, zinabaki 3, zenye thamani ya dola 11. Usiziweke zote kwenye bakuli moja. Nyama nyeupe ya kidari haina mafuta mengi, na ukiichemsha tena inakuwa nyuzi tupu. Nyama nyeusi ya mapaja ina mafuta na inastahimili mvuke na mchuzi. Kidari kiende kwenye mkate na sambusa, mapaja yaende kwenye pilau na mchuzi, na mifupa, shingo na ngozi viende kwenye sufuria la supu. Kosa hapa ndilo linalofanya watu waseme kiporo cha bata mzinga hakina ladha.

Mapishi sita kwa hesabu

Bei za viungo hapa ni makadirio ya maduka ya kawaida. Weka za mtaani kwako, mpangilio hautabadilika sana. Umeme hauamui mshindi: kwa senti 16 au 17 kwa uniti, oveni ya saa moja inakula senti 35 hivi.

*Sandwichi.* Ndilo chaguo la haraka na ndilo linalomaliza nyama upesi kuliko yote. Sandwichi moja iliyoshiba inataka robo pauni ya nyama, senti 92. Ongeza vipande viwili vya mkate, nyanya, majani na mayonezi, unafika dola 1.65. Ukilinganisha na nyama ya bata mzinga inayokatwa kwa mashine dukani, ambayo mara nyingi huvuka dola 10 kwa pauni, hii ni nafuu kubwa. Lakini pauni zako 3 zitakupa sandwichi 12 tu.

*Supu ya mifupa.* Hapa ndipo penye faida iliyofichika. Mifupa uliilipia zamani, sasa ni bure. Ivunje iingie sufuriani, funika kwa maji, tia kitunguu, kipande cha tangawizi na pilipili manga nzima, iache ichemke taratibu saa mbili. Utapata kama lita 3 za supu nzito. Boksi la lita moja hivi la supu ya kuku dukani ni dola 2.50 hadi 3, kwa hiyo umejitengenezea kitu cha dola 8 kwa umeme wa senti chache. Chuja, tia viazi, karoti, kabichi na nusu pauni ya nyama, kamua ndimu mwishoni. Watu sita wanakunywa kwa senti 80 kila mmoja. Onja kabla ya kutia chumvi, na Royco iache kabatini.

*Pilau.* Pauni moja ya nyama nyeusi, pauni mbili za mchele wa basmati, vitunguu, thomu, tangawizi, viazi na bizari. Mchele ukinunuliwa kwa mfuko wa pauni 20 kwenye duka la Wahindi hushuka hadi dola 1.25 hivi kwa pauni. Jumla ni dola 8.70 kwa watu wanane, yaani dola 1.10 kwa sahani. Siri ni mbili. Mchele upikwe kwa ile supu ya mifupa badala ya maji, ili ladha iingie ndani ya punje. Na nyama isikaangwe mwanzoni kama ya ng'ombe, maana imeshaiva. Kaanga vitunguu mpaka viwe hudhurungi, tia viungo, viazi, supu na mchele. Maji yakikaribia kukauka ndipo upange nyama juu na kufunika kwa moto mdogo.

*Mchuzi wa nazi.* Pauni moja ya nyama, kopo la tui, nyanya na vitunguu. Kwa watu watano, pamoja na wali au ugali, inafika dola 2 kwa sahani. Ni karibu mara mbili ya pilau, kwa sababu nyama inaliwa nyingi zaidi na kopo la tui lina bei. Lakini ndiyo dawa ya kidari kilichokauka ovenini: kichambue, kitie tui likishakolea, dakika tano kabla ya kuepua, kinalainika.

*Sambusa.* Kidari kilichokatwakatwa sana, vitunguu vingi, kotmiri, pilipili na ndimu. Pauni moja inajaza sambusa 30. Ukisukuma manda mwenyewe, kila moja ni kama senti 29. Ukinunua manda za tayari ni senti 46. Tofauti hiyo ni zaidi ya dola 5 kwa kundi zima, na kazi ya kusukuma ni ya mchana mzima. Mwenye wasaidizi nyumbani asukume, mwenye zamu ya usiku anunue. Faida ya sambusa ni kwamba zinakaa vizuri kwenye friza zikiwa hazijakaangwa, na unatoa nne au sita kwa wakati.

*Makaroni ya oveni.* Wamarekani wenyewe wana pishi la tetrazzini, lililopewa jina la mwimbaji wa opera wa Italia, Luisa Tetrazzini: tambi, uyoga, sosi ya maziwa na jibini. Watoto wanalipenda. Ila siagi, uyoga na jibini vinakula dola 10 kabla hujahesabu nyama, na sahani inafika dola 2.30. Kwa lengo la kuokoa pesa, hili ni la mwisho.

Kiporo kinachoharibika ndicho ghali kuliko vyote

Hesabu zote hizi zinavunjika nyama ikilala mezani. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema chakula kilichopikwa kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, kwa kuwa bakteria huzaana upesi kati ya nyuzi 40 na 140 za Fahrenheit. Kwenye friji nyama hiyo ni ya siku 3 hadi 4, yaani mwisho Jumatatu. Kwenye friza, kwa ladha nzuri, ni miezi 2 hadi 6. Ukiipasha moto ifike nyuzi 165, na supu au mchuzi ichemke hasa.

Desturi zetu mbili zinahitaji kurekebishwa hapa. Ya kwanza ni sufuria kubwa la supu kuachwa juu ya jiko lipoe usiku kucha. Katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na humo bakteria aina ya Clostridium perfringens hustawi. Mlipuko wa ugonjwa wake Marekani huonekana sana Novemba na Desemba, msimu wa minofu mikubwa na karamu. Gawa supu kwenye vyombo vifupi ipoe haraka. Ya pili ni pilau kulala sufuriani ili liwe kifungua kinywa. Wali una bakteria wanaostahimili kupikwa, na sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Pilau liingie kwenye friji usiku uleule, ndipo kiporo chake cha asubuhi kiwe salama.

Ndege mwenyewe usimweke mzima kwenye friji. Mchambue Alhamisi usiku, mkono wa kila mtu ukiwa bado jikoni, na uandike tarehe kwenye kila mfuko.

Kwa ufupi, sahani kwa sahani

- Supu ya mifupa: senti 80. Nyama kidogo, faida kubwa.
- Pilau: dola 1.10. Hulisha wengi kwa pauni moja.
- Sandwichi: dola 1.65. Haraka, lakini nyama huisha.
- Mchuzi wa nazi: dola 2. Huokoa kidari kikavu.
- Makaroni ya oveni: dola 2.30. Viungo ni ghali kuliko nyama.
- Sambusa: senti 29 au 46 kwa moja. Za kuweka akiba.

Nani achague nini?

Familia ya watu sita au zaidi ianze na supu Ijumaa, ipike pilau kwa supu hiyo Jumamosi, na isukume sambusa Jumapili. Ukigawa pauni 3 hivi: nusu kwenye supu, moja kwenye pilau, moja kwenye sambusa na nusu kwa sandwichi mbili za kubeba kazini, utaongeza kama dola 15 za mchele, mboga, unga na mafuta. Utapata sahani 14, sandwichi 2 na sambusa 30. Nyama ileile kwenye mkate peke yake ingekupa milo 12.

Anayeishi peke yake au wawili wasibebe ndege wa pauni 16 kwa sababu tu ameshuka bei. Kidari chenye mfupa au mapaja mawili yanatosha, na bado kuna mfupa wa supu. Bei kwa pauni itakuwa juu, lakini jumla ya risiti itakuwa chini na hakuna kitakachotupwa. Mwenye friza kubwa ana nafasi nyingine: maduka yakibakiwa na bata mzinga baada ya sikukuu, bei huweza kushuka tena, na mzima aliyegandishwa hukaa mwaka mmoja bila kupoteza ubora.

Anayenunua halali aweke oda mapema na apunguze uzito kwa pauni tatu nne, kisha aegemee pilau na supu, kwa kuwa hapo nyama kidogo huenda mbali. Kwa dola 6.86 kwa pauni ya kula, sandwichi moja yenye robo pauni inavuka dola 2.40, wakati sahani ya pilau bado ni dola 1.50.

Uamuzi wote huu ufanywe kabla ya Alhamisi. Ukiwa dukani unachagua ndege, nunua na mchele, vitunguu na ndimu za siku zinazofuata, na upange nani atachambua mifupa usiku ule. Bila mpango huo, punguzo la bei linakuishia kwenye pipa la taka.