Mtoto wa Uzi Mwenye Kofia ya Ua

Kichwa ni mviringo kama chungwa. Mkono ni mwembamba kama kidole. Ua lina majani yanayojikunja kama mawimbi ya ziwa. Hayo ni maumbo matatu mbalimbali. Walakini fundi wa kroshe huyafuma yote matatu kwa uzi na sindano ile ile. Afanyaje? Ahesabu. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii, nayo tutaiona katika somo hili.

Tutafuma mtoto wa uzi, mwenye kofia ya ua kichwani. Watu wa Japani humwita mwanasesere wa namna hii amigurumi. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya lugha yao: la kwanza lahusu kufuma, la pili ni jina la wanasesere waliojazwa ndani. Tangu miaka ya 2000 kazi hiyo imeenea katika nchi nyingi za dunia.

1. Vyombo

Tafuta uzi wa pamba au wa sufu, rangi mbili au tatu. Tafuta sindano ya kroshe, ile yenye ndoano ndogo kwenye ncha. Utahitaji pia sindano ya kushonea yenye tundu kubwa, pamba safi ya kujaza ndani, na kipande cha uzi wa rangi nyingine kuwa alama. Usipopata pamba, kata vitambaa vya zamani vilivyofuliwa.

Nawa mikono kabla ya kuanza. Uzi mweupe hukumbuka kila uchafu.

2. Fundo

Kwanza jifunze fundo fupi. Kitanzi kimoja kimo juu ya sindano. Choma sindano katika fundo la chini, nasa uzi kwa ndoano, uuvute. Sasa una vitanzi viwili juu ya sindano. Nasa uzi mara ya pili, uupitishe katika vitanzi vyote viwili kwa mara moja. Kimebaki kitanzi kimoja. Fundo limekwisha.

Mafundo yabanane, ili pamba isionekane nje. Kwa hiyo mafundi huchagua sindano nyembamba kidogo kuliko ile ya kufumia shali.

3. Kichwa

Zungusha uzi juu ya kidole, upate pete. Vuta kitanzi kimoja katika pete hiyo, kisha fuma mafundo 6 ndani yake. Sasa vuta mkia wa uzi. Pete hujifunga, wala tundu halionekani tena.

Mzunguko wa 1: mafundo 6.
Mzunguko wa 2: fuma mara mbili katika kila fundo. Utapata mafundo 12.
Mzunguko wa 3: fundo la kwanza mara moja, la pili mara mbili, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Utapata mafundo 18.
Mzunguko wa 4: mafundo mawili mara moja moja, la tatu mara mbili. Utapata mafundo 24.

Umeona? Kila mzunguko umezidi ule uliotangulia kwa mafundo 6. Ukizidisha hivyo, kazi yako hulala bapa kama kisahani.

Sasa acha kuzidisha. Fuma mizunguko 4 ya mafundo 24. Angalia vema: kisahani chageuka bakuli. Uzi haukupewa nafasi ya kwenda nje, basi wainuka juu.

Kisha anza kupunguza. Kupunguza ni kufuma mafundo mawili pamoja, yawe moja. Fuma mafundo mawili mara moja moja, na mawili yanayofuata uyafume pamoja. Mzunguko ukiisha, yamebaki 18. Katika mzunguko unaofuata, fuma fundo moja, na mawili yanayofuata pamoja. Yamebaki 12. Bakuli lajifunga na kuwa kama mpira. Jaza pamba kidogo kidogo kwa mlango uliobaki, mpaka kichwa kiwe kigumu. Mlango huo wa mafundo 12 ndiyo shingo. Usiufunge.

4. Alama

Katika kazi hii mizunguko hufuatana bila kukatika, kama gamba la konokono. Kwa hiyo weka kile kipande cha uzi wa rangi nyingine katika fundo la kwanza la kila mzunguko. Bila alama hutajua ulipoanza wala ulipomaliza.

Labda mtoto mmoja atasema: «Fundo moja ni kitu gani? Nikilisahau, nani ataona?» Basi tujaribu. Tuseme katika mzunguko wa 3 amepata mafundo 17 mahali pa 18. Kwa macho, kazi ni nzuri. Aendelea na mzunguko wa 4, ambao wagawanyika kwa mafungu ya mafundo matatu matatu. Mafungu 5 yatimia. La 6 lapungukiwa: mafundo mawili tu! Akijifanya hakuona, kichwa kitaelekea upande mmoja, na mwishoni shingo haitakuwa na mafundo 12.

Dawa yake ni moja. Avute sindano, afumue mpaka mahali pa kosa, afume tena. Kroshe ina wema huu: kitanzi kilicho juu ya sindano ni kimoja tu, basi kufumua ni rahisi, na uzi haupotei. Kinachopotea ni wakati. Aliyehesabu kila mzunguko hufumua kidogo. Asiyehesabu hufumua kazi ya siku nzima. Haraka haraka haina baraka.

5. Mwili, mikono na miguu

Mwili huanza chini: 6, 12, 18. Fuma mizunguko 6 ya mafundo 18, kisha punguza mpaka 12. Jaza pamba.

Kwa mkono fuma pete ya mafundo 6, na mizunguko 8 ya mafundo 6 juu yake. Usizidishe wala usipunguze. Hupati kisahani wala mpira, bali kitu kirefu na chembamba kama kidole. Fuma wa pili ulio sawa nao.

Kwa mguu anza na mafundo 6. Katika mzunguko wa 2 zidisha kila fundo la pili, upate 9. Kisha fuma mizunguko 8 ya mafundo 9. Mguu huwa mnene kuliko mkono, na tofauti yake ni mafundo matatu tu.

Sasa unganisha. Shingo ya kichwa ina mafundo 12, na shingo ya mwili ina mafundo 12. Shona fundo kwa fundo. Yakikutana yote, bila moja kubaki peke yake, ujue ulihesabu vema.

Macho na kinywa vishone kwa uzi. Usitie vifungo wala shanga ikiwa mwanasesere ni wa mtoto mchanga. Mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani, na kifungo kikimkaba kooni chaweza kumwua.

6. Kofia ya ua

Chukua uzi wa rangi ya ua. Anza kama ulivyoanza kichwa: 6, 12, 18, 24. Kisha ongeza mzunguko wa 5: mafundo matatu mara moja moja, la nne mara mbili. Utapata 30. Kwa nini 30, na kichwa kina 24? Kwa sababu kofia hukaa nje ya kichwa. Ikilingana nacho, haitaingia. Fuma mizunguko 3 ya mafundo 30.

Sasa tufume majani ya ua. Kwa kazi hii wahitaji fundo refu. Zungusha uzi mara moja juu ya sindano kabla ya kuchoma. Choma, vuta uzi: una vitanzi vitatu. Nasa uzi, uupitishe katika viwili. Nasa tena, uupitishe katika viwili vilivyobaki.

Gawanya 30 kwa 5, utapata 6. Basi ua letu litakuwa na majani 6, kila moja juu ya mafundo 5. Katika fundo la 1 fuma fundo fupi moja. Katika la 2, la 3 na la 4, fuma mafundo marefu mawili mawili. Katika la 5, fundo fupi moja. Hesabu: 1 na 2 na 2 na 2 na 1, jumla 8. Fanya hivyo mara 6.

Kofia nzima sasa ina mafundo 48 mahali palipokuwa na 30. Nafasi haitoshi! Mafundo yasukumana, ukingo wajikunja na kutoka nje. Ndivyo majani ya ua yanavyopata mawimbi yake.

Basi shika hili: ukizidisha kwa kiasi, kazi hulala bapa. Usipozidisha, husimama. Ukipunguza, hujifunga. Ukizidisha mno, hupata mawimbi.

7. Maua yaliyoleta chakula

Kufuma maua kwa kroshe si jambo la jana. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi ya Irlandi, kisiwa cha Ulaya. Maskini wengi wa huko walitegemea viazi kila siku. Viazi vikaoza ardhini. Njaa iliendelea mpaka mwaka 1852. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na kwa magonjwa, na wengine zaidi ya milioni moja walihama nchi yao.

Katika miaka hiyo watu wenye huruma walitafuta kazi ambayo maskini wangeweza kuifanya nyumbani. Huko Blackrock, karibu na mji wa Cork, Masista Waursulina walifundisha wasichana kroshe. Mwaka 1847, katika mji mdogo wa Clones, bibi Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kianglikana, alianzisha kazi hiyo hiyo. Iliwafaa maskini, kwa sababu vyombo vyake ni vichache: uzi na ndoano. Ndoano nyingine zilikuwa waya iliyopindwa ncha na kutiwa katika kishikio cha mti.

Mfumaji mmoja alifuma mawaridi, mwingine majani, mwingine vichala vya zabibu. Kisha vipande viliunganishwa kwa wavu wa uzi, vikawa kola na shali. Viliuzwa kwa matajiri wa London na Paris, na fedha ilirudi kununua chakula. Waridi la mkono mmoja lilikutana na jani la mkono mwingine katika kola moja. Kama mmoja angefanya kazi ovyo, angeharibu kazi ya wote.

Njaa ile imepita, lakini huko Clones kroshe ya maua ingali yafumwa. Siku hizi viwanda vina mashine zinazofuma soksi na fulana kwa wingi. Lakini vitu vya kroshe vinavyouzwa hata leo hufumwa kwa mikono. Kwa hiyo ukiona ua la kroshe popote, ujue kwamba mtu aliketi akalihesabu, fundo kwa fundo.

Nawe, mvulana au msichana, chukua uzi wako. Hesabu vema pale ambapo hakuna anayekutazama. Mtoto wako wa uzi atasimama wima, na ua lake litafunguka.

Maulizo

1. Neno amigurumi latoka katika lugha ya nchi gani?
2. Kwa nini twaweka alama katika fundo la kwanza la kila mzunguko?
3. Mzunguko wa 5 wa kofia una mafundo 30. Ukizidisha kwa 6 tena, mzunguko unaofuata utakuwa na mangapi?
4. Kofia ina mafundo 40, na kila jani la ua lahitaji mafundo 5. Majani ni mangapi?
5. Kwa nini hatutii vifungo katika mwanasesere wa mtoto mchanga?
6. Ni kitu gani kiliharibu viazi vya Irlandi mwaka 1845? Kroshe iliwasaidiaje maskini?