Jogoo wa Mnada, Ekari ya Mjane

Ukitaka kujua mwaka umewaendeaje wakulima wa Uasin Gishu, usianzie ofisi ya kilimo mjini Eldoret. Nenda kwenye ibada ya mavuno. Katika makanisa ya Moiben, Ziwa, Kesses au Ainabkoi, mahindi yakishavunwa, hutengwa Jumapili moja ambayo madhabahu hugeuka ghala: magunia ya mahindi, madebe ya maharagwe, viazi, kabichi, mitungi ya maziwa, kuku waliofungwa miguu, na mara nyingine mwanakondoo anayelia katikati ya mahubiri bila kumjali mhubiri. Mwaka mzuri huonekana kwa macho. Mwaka mbaya nao haufichiki: aliyezoea kuleta gunia huleta debe, aliyezoea kuleta debe huleta gorogoro, na hakuna anayeuliza, kwa sababu kila mtu amelipita shamba la mwenzake barabarani na kuliona.

Baada ya baraka ya mwisho, watu hawatawanyiki. Mnada ndio huanza. Mzee wa kanisa mwenye sauti na utani humwinua jogoo kwa miguu na kumsifu kama mwenye kuuza fahali. Jogoo ambaye sokoni hangefika hata elfu moja na nusu hupanda hadi elfu tatu, nne, tano. Anayeshinda hulipa, kisha badala ya kumchukua husema: "Mpelekeeni gogo, bibi yetu, aliyekaa pale nyuma." Au: "Uzeni tena." Jogoo yule yule anaweza kuuzwa mara nne asubuhi moja, na mwisho akaishia kwenye sufuria ya bibi kizee ambaye hakutoa hata senti. Mgeni huona mchezo. Wenyeji wanajua kwamba wameshuhudia mwenye trekta akitoa elfu tano hadharani bila kumwaibisha asiye na kitu, na bibi kizee akipata kitoweo bila kuomba.

Desturi ya kusimama mbele za Mungu na mazao mapya haikuletwa na kanisa. Wanandi walikuwa na mwezi wa Kipsunde, karibu na Septemba, wimbi linapokomaa. Alfred Hollis, ofisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alieleza jinsi mama mwenye shamba alivyokwenda na binti zake kuchuma wimbi la kwanza. Kila mmoja alitia punje moja kwenye mkufu wake, nyingine akaitafuna na kujipaka kwenye paji la uso, kooni na kifuani. Chakula cha kwanza cha wimbi jipya kilipopikwa, kidogo kilipakwa kwenye kuta na paa la nyumba, kidogo kikatemwa kuelekea mashariki, linakochomoza jua, Asis. Mwenye mji alishika wimbi mkononi akaomba afya, nguvu na maziwa. Wamisionari wa kwanza waliyaita hayo ushenzi. Leo wimbi limepisha mahindi, na wachungaji wengi hawapendi kulinganisha Kipsunde na ibada ya mavuno. Wazee hulinganisha bila taabu, na naona wana haki.

Jambo jingine ambalo kanisa lilirithi ni kokwet, baraza la majirani wa mlima au bonde moja. Hapo ndipo migogoro ya mipaka iliamuliwa, na hapo ndipo ilijulikana nani amekwama na ng'ombe wa nani wanavamia shamba la nani. Lakini kokwet ilikuwa ya watu wa lugha moja waliokaa pamoja tangu mababu, na nyanda za Uasin Gishu hazikukaliwa hivyo. Jina lenyewe ni la Wamaasai waliolisha huko zamani. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakafika na magari yao ya kukokotwa na maksai, wakagawiwa ardhi, na Waafrika wakageuzwa vibarua na maskwota. Kanisa la Kireformed la Afrika Mashariki, lenye makao yake makuu Eldoret mpaka leo, lina mizizi katika kazi ya kanisa la Makaburu hao miongoni mwa vibarua wao. Baada ya uhuru mashamba makubwa yakakatwa, yakanunuliwa na makampuni na vyama vya ununuzi wa ardhi, na jirani yako akawa mtu ambaye babu yako hakumjua babu yake: Mnandi, Mkeiyo, Mluhya, Mkikuyu, Mkisii. Kwa watu kama hao, benchi la kanisa lilikuwa miongoni mwa mahali pachache pa kukalia pamoja. Sisemi walikaa pamoja kila mahali. Makanisa mengi yalifuata lugha, na yapo yanayofuata hadi sasa.

Kanisa Katoliki lilikuja na dawa yake. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao, AMECEA, waliazimia kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na Taasisi ya Kichungaji ya Gaba, iliyohamia Eldoret kutoka Uganda miaka ya sabini, ikawa mahali pa kuwafunza waliopaswa kuzijenga. Jumuiya ni kaya chache zinazokutana kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wanasoma Neno, wanakunywa chai, wanaulizana habari. Faida yake kwa mkulima imo katika kule kuzunguka. Huwezi kusali sebuleni kwa mtu na usione kwamba paa linavuja, au kwamba zizi limebaki na ndama peke yake. Waanglikana wana Muungano wa Akina Mama, Africa Inland Church (AIC) wana ushirika wao wa akina mama, na kwa hili wote wanafanana.

Chukua mjane aliyefiwa mwezi wa Februari. Mahindi ya nyanda za juu hupandwa Machi na Aprili, mvua ndefu zikianza. Shamba likichelewa kulimwa wiki tatu, mwaka umekwenda. Fedha zimeishia hospitalini na matangani. Hapo hakuna anayeandika barua kwa shirika lolote. Mzee wa kanisa humshika mkono mwenye trekta nje ya mlango: "Kijana wangu, ukimaliza kwako, pitia kwa yule mama, ekari moja tu." Dizeli huchangwa. Mwingine huja kupiga haro. Mbegu hutoka kwa mwenye duka la pembejeo ambaye ni mwanakwaya, kwa deni la kulipwa baada ya mavuno. Palizi hufanywa na vijana wa kanisa Jumamosi moja, na kelele nyingi. Yule mama hapewi hotuba, na hakuna risiti. Mwakani, akiwa amevuna, ataonekana kwenye mnada akigombea malenge kwa bei isiyo na maana, na kila mtu ataelewa anachofanya.

Hata matangazo ya baada ya ibada, ambayo vijana wa mjini huyaona marefu kupita kiasi, yana kazi yake. Maofisa wa ugani wamepungua vijijini, na mimbari imejaza sehemu ya pengo hilo. Viwavijeshi vamizi vilipoingia Kenya mwaka 2017, vikianzia upande wa Trans Nzoia na magharibi, mkulima alihitaji kuambiwa upesi: fungua moyo wa mhindi ukaangalie, usingoje majani yatoboke. Kuna wachungaji walioitisha maombi tu, na kuna walioomba kisha wakampa kipaza sauti mtu wa kilimo. Hawa wa pili ndio waliosaidia. Na mwaka 2024, ilipofichuliwa kwamba mbolea feki ilikuwa imeuzwa kwa wakulima katika mpango wa ruzuku, mwenye hasara alikuwa na mahali pa kusema na wenzake wa kumsikiliza.

Mtihani mkubwa kuliko yote, hata hivyo, haukutokana na wadudu wala mvua. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo. Wanawake na watoto waliteketea. Waliochoma na waliochomwa walikuwa majirani, na wengi wao walikuwa Wakristo. Anayeandika juu ya wema wa makanisa ya mashambani bila kuitaja Kiambaa hasemi ukweli.

Siku hizo hizo, Askofu Cornelius Korir, Mkalenjin (jamii pana inayowajumuisha Wanandi na Wakeiyo) aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Eldoret tangu 1990, alifungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu kwa wakimbizi wapatao 10,000, wengi wao Wakikuyu. Ghala za mahindi zilikuwa zimechomwa, mifugo imeibwa, na msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia. Korir alikuwa na uzoefu, kwa sababu Burnt Forest na vijiji vingine vilikwisha kuungua mwaka 1992. Alijua kwamba kuwakusanya watu uwanjani washikane mikono mbele ya kamera si kitu. Utaratibu wake, alioueleza katika kitabu chake cha mwaka 2009, Amani Mashinani, ulianza na mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, kisha vikundi vidogo, kila upande kwanza ukisemezana wenyewe kwa wenyewe, ndipo pande mbili zikutane. Palipokuwa na makubaliano, yaliambatana na kazi ya pamoja: barabara, shule, josho la ng'ombe.

Josho ni mfano mzuri wa akili yake. Kupe hana kabila. Ng'ombe wa Mkikuyu asipooshwa, ugonjwa wa ndigana utahamia kwa ng'ombe wa Mkalenjin. Basi mnajenga josho moja, mnachagua kamati moja, mnapanga foleni siku moja. Watu waliokuwa hawasalimiani wanalazimika kuulizana dawa imebaki kiasi gani. Korir alifariki Oktoba 2017 na kuzikwa katika kanisa kuu lile lile.

Kabla yake, upande wa Waanglikana, Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikuwa amepaza sauti juu ya unyakuzi wa ardhi kuliko wengi. Waziri Peter Okondo alimwonya asithubutu kukanyaga Busia. Muge alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa katika ajali ya barabarani akirudi.

Nikiyapima makanisa kwa kipimo cha watu hao wawili, mengi ya leo yanapungua. Yapo yanayomwambia mkulima "apande mbegu" ya fedha mwezi wa Januari, wakati karo na mbolea vinamsubiri mlangoni, akiahidiwa mavuno ambayo hakuna mhubiri atakayeyadhamini. Na iko harambee ya mwanasiasa anayeshuka kwa helikopta na bunda la noti. Mwaka 2024 Kanisa la Kianglikana na maaskofu Wakatoliki walijaribu kuufunga mlango huo. Walifanya vyema, ingawa walichelewa. Paa lililojengwa kwa jogoo aliyeuzwa mara nne ni la waumini. Lililojengwa na mheshimiwa litadaiwa uchaguzi ujao.

Kuna jambo moja makanisa haya yanaweza kufanya hata mwaka huu, bila mfadhili. Mahindi ya Uasin Gishu huvunwa kuanzia Oktoba, na siku hizi mvua mara nyingi haikatiki hadi Novemba au zaidi. Bodi ya Nafaka na Mazao hudai unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mwenye ekari mbili hana pa kuanika, hivyo humuuzia broka mahindi mabichi kwa bei ya kutupa, au huyaweka yakaingiwa na sumukuvu. Serikali ilileta mashine za kukausha za kuhamishwa mwaka 2023, lakini kukodi gari la kupeleka magunia manne kwenye mashine hula faida yote. Wakati huo huo, karibu kila kijiji kina kanisa lenye sakafu ya saruji, paa la mabati na ukumbi uliofungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Wazee wa kanisa, ifungueni hiyo kufuli wakati wa mavuno, tandikeni maturubai, wekeni zamu ya vijana wa kugeuza mahindi na mtu wa kuandika gunia la nani ni lipi. Jumapili asubuhi yafagiliwe kando, ibada iendelee.