Sanamu za Resini na Kumbukumbu za Usiku wa Ugenini: Kitu au Mtu?

1. Utangulizi

Miongoni mwa sanaa ndogo zilizostawi nchini Japani tangu miaka ya 1980 imo ile ya sanamu za resini zinazouzwa vipande vipande. Mchongaji huunda sanamu yenye kimo cha shubiri moja hivi, huigawa viungo, husubu nakala chache kwa mikono yake, kisha huziuza zikiwa hazijaunganishwa wala kupakwa rangi. Wajapani huziita garēji kitto. Maneno hayo mawili yamekopwa kutoka Kiingereza: la kwanza lataja banda la gari, lililo karakana ya mtu asiye na kiwanda, la pili lataja seti ya vipande.

Wachongaji wengi huiga wahusika wa filamu na wa vitabu vya michoro. Wapo pia wanaochota katika maisha yao wenyewe, na mojawapo ya mada zao ni usiku wa ugenini: mcheza dansi, mwimbaji wa baa au mhudumu mwenye sinia, kama msafiri alivyomwona katika mji usio wake. Makala haya yanaeleza kwanza jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Kisha yanachunguza swali ambalo sarufi ya Kiswahili haimruhusu msemaji kulikwepa: je, sanamu ya namna hiyo itajwe kama kitu au kama mtu?

2. Jinsi sanamu inavyosubiwa

Kazi huanzia kwenye mfano asilia. Zamani mfano huo ulifinyangwa kwa mkono. Siku hizi wengi huuchora kwa kompyuta na kuutoa kwa mashine ya kuchapa maumbo. Mfano hukatwa vipande: kichwa, kiwiliwili, mikono, nguo, kitako. Sababu yake ni ya kiufundi. Mkono uliokunjwa kiunoni hunasa ndani ya kalibu, ilhali mkono uliotengwa hutoka bila kuvunjika.

Kila kipande hufukiwa nusu katika udongo laini, kisha silikoni ya maji humiminwa juu yake. Ikishaganda, udongo huondolewa, uso wa silikoni hupakwa dawa ya kuzuia kushikamana, na nusu ya pili humiminwa. Hivyo hupatikana kalibu ya pande mbili, yenye mlango wa kuingizia resini na vijia vya kutolea hewa. Resini yenyewe ni vimiminiko viwili ambavyo, vikichanganywa, huganda kwa dakika chache. Hewa ikinaswa, kidole au ncha ya pua hukosekana. Tena kalibu huchakaa: baada ya kusubu mara 20 au 30 hivi, silikoni huanza kuchanika. Ndiyo maana nakala huwa chache na bei huwa kubwa.

Kazi hii ina hatari zake. Kimojawapo cha vimiminiko hivyo kina isosianati, ambayo hudhuru mapafu. Na vumbi la resini iliyoganda halifai kuvutwa. Fundi mwangalifu hufungua madirisha, huvaa glavu na barakoa, na husugua vipande kwa msasa uliolowa maji.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Huosha vipande kwa sabuni, hukata mabaki ya mlango wa kalibu, huziba vitundu, hutoboa maungio na kuyatia sindano za waya wa shaba nyeupe, huyagandisha kwa gundi, na mwishowe hupaka rangi. Kwa hiyo kumbukumbu ya mtu mmoja hukamilishwa na mtu mwingine ambaye huenda hakuuona usiku ule.

Msamiati wa kueleza kazi hii haukosekani. Kiswahili kina kalibu na kusubu, maneno yaliyozoeleka kwa wafua madini. Msomaji wa Katanga atakumbuka ile misalaba ya shaba iliyosubiwa nchini humo karne nyingi kabla ya ukoloni: huko pia umbo lilikaa katika kalibu, na nakala zikatoka kusafiri mbali na fundi wake.

3. Soko na ruhusa

Soko kuu la sanamu hizo ni maonyesho yaitwayo Wonder Festival. Yalianza katika miaka ya 1980 chini ya General Products ya Osaka. Tangu mwaka wa 1992 yanasimamiwa na Kaiyodo, kampuni ya mkoa wa Osaka. Hufanyika kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na tangu mwaka wa 2009 makao yake ni Makuhari Messe, katika mkoa wa Chiba.

Maonyesho hayo yana utaratibu wa pekee. Mwenye haki za mhusika wa filamu au wa kitabu anaweza kumpa mchongaji asiye na kampuni ruhusa ya kuuza sanamu za mhusika huyo kwa siku ile moja tu. Utaratibu huu una busara, na pia una fundisho. Mhusika wa kubuni, ambaye hakuzaliwa wala hatakufa, ana msemaji anayeulizwa. Mcheza dansi aliyeishi kweli, akatoka jasho kweli, hakumbukwi kwa jina. Na asiye na jina haombwi ruhusa.

4. Kumbukumbu huchagua nini

Kumbukumbu huacha mengi. Muziki hautiwi katika resini, wala harufu, wala mazungumzo. Hubaki mkao wa mwili, mshono wa nguo, mkono ulioshika bilauri. Hata taa haipo. Mpaka rangi hulazimika kuichora ngozini, kwa kutia wekundu upande mmoja wa shavu.

Kumwonyesha mgeni kwa alama chache si jambo geni katika Afrika ya Kati. Katika karne ya 19 wachongaji wa pwani ya Loango walichora Wazungu juu ya pembe za ndovu kwa kofia zao, makoti yao na chupa zao, wakawauzia Wazungu haohao. Kwa upande mwingine, bango ambalo Toulouse-Lautrec alilitengenezea ukumbi wa Moulin Rouge mjini Paris mwaka wa 1891 lilimtaja mcheza dansi wake, La Goulue. Lilikuwa jina la jukwaani, lakini lilikuwa jina.

Usiku uleule ni starehe kwa msafiri na ni zamu ya kazi kwa mcheza dansi. Mchongaji anayelikumbuka hilo anaweza kumwonyesha akiwa amevua kiatu kimoja na kukanda kisigino. Asiyelikumbuka humwacha akitabasamu daima, kana kwamba zamu haina mwisho.

5. Ushahidi wa sarufi

Katika Kiswahili sanifu upatanisho hufuata uhai. Husemwa kiziwi amefika, kifaru amelala, ijapokuwa majina hayo yana kiambishi ki-. Kinyume chake, kinyago kimeanguka, hata kikiwa na uso wa mtu. Na sanamu imesimama, hata ikiwa ya mfalme. Anayeieleza sanamu ya mcheza dansi hana budi kuchagua: imesimama au amesimama. Kila mojawapo ni sahihi, ila havitaji kitu kimoja. Cha kwanza chataja resini. Cha pili chamtaja aliyekumbukwa.

Kiswahili cha Lubumbashi kina njia nyingine, yaani kiambishi ka-, ambacho hudogosha mtu na kitu vilevile: katoto, kanyumba. Udogo huo mara nyingi huwa na upendo ndani yake. Kijitu cha Kiswahili sanifu, kinyume chake, huelekea dharau. Basi hata kupunguza kimo cha mtu ni kumtolea hukumu.

6. Hitimisho

Sarufi haiwakatazi wachongaji kazi yao, wala haimhukumu msafiri kwa kukumbuka. Inachofanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo kalibu imeyaunganisha. Yafaa basi anayeandika juu ya sanamu hizi aweke upatanisho wa kitu anapoeleza vipande, gundi na bei, na upatanisho wa mtu anapofika kwa yule aliyecheza. Sanamu inauzwa, mcheza dansi hauzwi. Tofauti hiyo yabebwa na kiambishi kimoja, na mwanafunzi wa lugha asiuone udogo wake kuwa sababu ya kuipuuza.