Mali na Madeni ya Nyumba ya Al-Busaidi wa Unguja

Watu wa mwambao walio ughaibuni, wawe Maskati, Dubai, London au Toronto, hawakai barazani muda mrefu bila ya kutajwa masultani wa Unguja, na wanapotajwa wazungumzaji aghalabu hugawika makundi mawili, hawa wakiusifu ukwasi wa nyumba ile kana kwamba haukuwa na mwisho, na hawa wakisikitika kwamba Mwingereza aliwanyang'anya kila kitu kwa mizinga iliyolipiga jumba lao mwaka 1896. Kauli zote mbili zina kweli ndani yake, lakini mwenye kuzichungua hesabu za watu wale ataona kwamba mizinga ilikuja kumalizia kazi iliyokwisha kufanywa na daftari. Kwa kuwa nyumba ya Al-Busaidi ilikuwa na milki kubwa na fedha taslimu haba, ikaishi kwa kukopa, ikateta kwa mirathi, na kila deni na kila teto likahitaji msuluhishi kutoka nje.

Seyyid Said bin Sultan, aliyeshika utawala wa Oman mwaka 1806 na baadaye akayahamishia makao yake Unguja, hakuwa mtawala tu bali pia tajiri wa biashara, mwenye mashamba ya mikarafuu, majahazi na manowari, na bidhaa zake zilivuka bahari hata zikafika New York, ambako merikebu yake iitwayo Sultana ilitia nanga mwaka 1840. Katika zama zake hapakuwa na ukuta baina ya mfuko wake mwenyewe na hazina ya dola: askari, wageni, masuria, watoto na mashekhe wa makabila waliotakiwa kuridhishwa, wote walikula katika chungu kimoja. Tena chungu hicho kilikuwa na kifuniko kilichofungwa na wengine, maana mikataba aliyoifunga na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844, ilimzuia asitoze bidhaa zinazoingia bandarini mwake zaidi ya 5 kwa mia, hata pale ambapo matumizi yake yalikuwa yakipanda mwaka hadi mwaka na bei ya karafuu ikishuka kwa wingi wa mashamba mapya.

Fauka ya hayo, ushuru wenyewe hakuukusanya kwa mkono wake. Desturi ilikuwa kuikodisha forodha: tajiri mmoja huahidi kumlipa sultani kiasi maalumu kwa mwaka, hutoza ushuru kwa makarani wake mwenyewe, na kinachozidi huwa faida yake. Tangu miaka ya 1830 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Baniani wa Kachi, ambaye wakili wake maarufu katika miaka iliyofuata alikuwa Ladha Damji. Kodi ya forodha ilikaribia reale 200,000 kwa mwaka mwishoni mwa uhai wa Seyyid Said, na katika zama za mwanawe Majid ikapita 300,000. Na kwa kuwa fedha zilikuwa kwa mkodishaji, yeye ndiye aliyekuwa benki ya dola: sultani alipotaka silaha, nguo za kuwapa watu wake, au fedha za kumnyamazisha kabaila mkorofi, alitoa hati, hati ikalipwa forodhani, na kiasi kile kikaandikwa kukatwa katika kodi ya mwaka ujao. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kula mapato ya mwaka ambao haujaandama, wala asijione kuwa ni mkopaji.

Seyyid Said akafa baharini Oktoba 1856, akiwa safarini kurudi Unguja kutoka Oman, akiacha watoto 36. Sheria ya mirathi iko wazi kuhusu mashamba, majumba na fedha, na mafungu yale yaligawanywa, mwanamume akipata maradufu ya mwanamke. Lakini dola si shamba, na marehemu alikuwa ameitumia kama shamba. Mwanawe Thuwaini alikuwa Maskati, na Majid alikuwa Unguja. Wa kwanza alikuwa na nchi kongwe iliyo maskini, wa pili alikuwa na visiwa, mwambao na forodha. Thuwaini akadai haki yake katika utajiri huo, akatayarisha merikebu za vita, na Waingereza wa Uhindi wakamzuia njiani, kisha wakaitwa kuamua. Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, Makamu wa Mfalme huko Uhindi, akahukumu kwamba nchi hizo mbili zitengane, na kwamba Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka, pamoja na malimbikizo ya miaka 2 iliyopita. Maneno ya hukumu yalisema kwamba malipo hayo ni ya kusawazisha mafungu ya urithi, wala si alama ya utii wa nchi moja kwa nyingine. Lakini kwa mlipaji yalikuwa karibu fungu moja katika matano ya kodi ya forodha ya siku zile, likitoka kila mwaka bila ya kuleta hata kibaba cha mchele.

Majid akabeba mzigo huo juu ya mizigo ya kawaida ya ufalme, na akaongeza wake, kwani katika miaka ya 1860 ndipo alipoanza kujenga mji mpya wa Dar es Salaam, ambao alifariki kabla haujakamilika. Alipokufa Oktoba 1870, nyumba ya Jairam ilikuwa ikimdai zaidi ya reale nusu milioni, yaani kodi ya forodha ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Hapo ndipo deni lilipogeuka kuwa siasa. Mwaka 1869 Rao, mtawala wa Kachi, alikuwa amewatangazia raia zake walioko Unguja na Maskati kwamba watahesabiwa kuwa chini ya himaya ya Kiingereza. Basi mdai mkuu wa sultani akawa mtu ambaye balozi wa Kiingereza ana haki ya kumsemea. Barghash bin Said, aliyerithi kiti, aliona uzito kuubeba mzigo wa nduguye, na suala likawa ni lile lile la tangu asili: je, deni hili ni la Majid, au ni la dola? Suluhu ya kupunguza jumla ile ilipatikana kwa kuingia kati balozi. Mwaka 1872 tufani ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Barghash, na mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, huku akitishwa kwamba mji wake utazingirwa na manowari. Pamoja na hayo Uingereza na Uhindi zikachukua jukumu la kulipa zile reale 40,000 za Maskati. Jambo hilo lilionekana kuwa ni nafuu. Lakini tangu siku ile warithi wa Thuwaini wakawa wanapokea riziki yao kwa Mwingereza, na warithi wa Majid wakawa wanashukuru kwa Mwingereza.

Hata dada yao hakusalimika na hesabu hizo. Seyyida Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete, alifiwa na mumewe mwaka 1870 akiwa na watoto wadogo watatu, akaanza kudai mirathi ya ndugu zake waliokufa nyuma yake. Kwa sheria ya Kiislamu aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu, na Barghash hakuona sababu ya kumfungulia mlango. Lakini mwaka 1885 Bismarck aliona faida katika dai hilo, akamrudisha bibi huyo Unguja pamoja na manowari za Kijerumani. Barghash akakubali matakwa ya Wajerumani juu ya bara, na baada ya hapo haja ya bibi Ruete ikawa haina mtu wa kuishughulikia.

Haifai kudhani kwamba Barghash alikuwa mfujaji. Aliikodisha forodha kwa Taria Topan, tajiri wa Kikhoja, kwa kodi kubwa kuliko ya mwanzo. Aliingiza maji ya mfereji mjini, na mwaka 1883 akakamilisha jumba la Beit al-Ajaib. Lakini jumba lile nalo lilijengwa kwa mfuko ule ule usio na mpaka, na alipokufa mwaka 1888 hapakuwa na hazina iliyopangwa ya kumkabili mgeni kwa hoja. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Kiingereza. Wajerumani wakalipa marki milioni 4, sawa na pauni 200,000, kwa mwambao walioutwaa. Na mwaka 1891 balozi Gerald Portal akamkatia Sultani Ali bin Said posho maalumu ya mwaka, na mapato mengine yote akayaweka chini ya maofisa wa Kiingereza. Mwaka 1895, katika siku za Hamad bin Thuwaini, Uingereza ilipoinunua milki ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kwa pauni 250,000, pauni 200,000 kati ya hizo zilikuwa fedha za Unguja zilizotoka kwa Wajerumani. Sultani aliahidiwa pauni 11,000 kwa mwaka kuwa kodi ya mwambao wa Kenya, na 6,000 kuwa riba ya fedha zake mwenyewe. Na hizo pauni 17,000 ndizo zilizokuwa msingi wa dai lake juu ya Mombasa na Lamu hadi mwaka 1963.

Kwa hiyo wanaouliza barazani utajiri ule ulikwenda wapi wajue kwamba haukuibwa usiku mmoja, wala haukuliwa kwa anasa peke yake. Ukarimu wa jumba ulikuwa ni sharti la utawala, kwani sultani asiyetoa hakutiiwa. Kosa lilikuwa ni kutotenga baitulmali mbali na mali ya mwenye kiti, ili mkopo wa mfalme usiwe deni la nchi, na mirathi ya watoto isiwe mgawanyo wa dola. Kutenga huko kulifanyika mwaka 1891, lakini kulifanywa na mgeni, kwa masilahi ya mgeni. Na nyumba iliyochelewa kujiwekea hesabu ikaishia kupokea posho kutoka katika mali yake yenyewe.